Mpeni mtoto weji kabla ya draiva

Kila mwaka skuli zikifungwa Maskati na Dubai, simu yangu hapa Washington huanza kulia. Ndugu, jamaa, na jamaa wa jamaa. Wengine wanakuja kutembea wiki mbili, wengine wana kijana anayeanza chuo. Zamani maswali yalikuwa mawili tu: nyama ya halali inapatikana wapi, na msikiti uko mbali kiasi gani. Siku hizi limeongezeka la tatu: "Na gofu je, dada? Huyu mtoto wetu anacheza gofu."

Gofu ipo, na nitaeleza iko wapi. Lakini kwanza nina neno na wazazi wenzangu, maana nimeliona jambo hili kwa macho yangu misimu kadhaa sasa. Tunawafundisha watoto gofu kinyumenyume. Tunaanzia mbali ndiyo tunakuja karibu, na ilitakiwa tuanzie karibu na shimo, tena karibu kabisa, kisha turudi nyuma hatua kwa hatua. Tunawanunulia draiva, ile fimbo yenye kichwa kama nazi iliyofuliwa, tunawalipia mwalimu wa kuwaongezea nguvu, tunapiga video mpira ukipotea angani na kuituma kwenye grupu la familia. Weji imelala ndani ya begi, bado ina plastiki ya dukani.

Kwa asiyeujua mchezo, hesabu yake ni nyepesi. Anayeutia mpira shimoni kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Shimo lina upana wa sentimita 10.8, basi. Mkwaju wa mita 230 unahesabiwa mmoja, na ule wa kuusogeza mpira shibiri moja unahesabiwa mmoja vilevile. Sasa mtazame kijana wetu kwenye shimo la mita 350. Mikwaju miwili mikubwa, imebaki mita 30. Makofi. Hapo anachukua weji ambayo hakuwahi kufundishwa. Wa kwanza anapiga ardhi, mpira unasogea hatua mbili. Wa pili anaukata kichwani, unavuka upande wa pili kama risasi. Wa tatu unarudi, unaingia kwenye banka, yaani lile shimo la mchanga. Akimaliza ameshafika tisa. Mita 320 kwa mikwaju miwili, mita 30 kwa mikwaju saba! Na bado akirudi nyumbani baba yake atamwambia afanye mazoezi ya draiva.

Mimi nakaa Columbia Heights, mtaa uliopo kaskazini kidogo ya katikati ya mji, na hapa kwetu hakuna hata unyasi mmoja wa gofu. Kuna stesheni ya metro, kuna maduka ya barabara ya 14, kuna akina mama wa El Salvador wanaouza embe zilizokatwa na kutiwa pilipili na ndimu, wallahi ukifumba macho utadhani uko Forodhani. Lakini ukitoka hapo ukaingia barabara ya 16, ile ile ambayo chini kule karibu na Ikulu ya Marekani ina Kituo cha Utamaduni cha Sultan Qaboos, ukaifuata kwenda juu kaskazini, utakuta uwanja wa Rock Creek ndani ya msitu. Ulifunguliwa 1923. Ukishuka upande wa kusini, mtoni, uko East Potomac, watu wanapaita Hains Point, ardhi iliyotengenezwa kwa tope lililochimbwa mtoni. Na upande wa mashariki, barabara ya Benning, karibu na mto Anacostia, uko Langston. Vyote vitatu ni viwanja vya umma, kwenye ardhi ya serikali. Huhitaji kuwa mwanachama, huulizwi baba yako nani. Unalipa ada ya siku hiyo unacheza. Piga simu kabla ya kwenda, maana viwanja vya zamani vina matengenezo yasiyokwisha.

Kwa sisi tuliokulia kwenye fikra kwamba gofu ni kitu cha klabu, hii si ndogo. Wazee wetu wa Unguja waliiona gofu Mnazi Mmoja wakati wa Mwingereza, lakini waliiona kwa pembeni. Huku Ghuba nako, baba ndiye mwenye kadi ya klabu, anakwenda na wenzake Ijumaa asubuhi, mama na wasichana wanapelekwa mol. Ndipo ninapotaka kufika, lakini nivute subira kidogo.

Nataka kwanza kumtaja mtu aliyechora uwanja wa East Potomac. Jina lake Walter Travis, mzaliwa wa Australia aliyehamia Marekani. Huyu bwana hakushika fimbo ya gofu mpaka alipokaribia miaka 35. Umri ambao sisi tunasema mtu ameshazeeka kwa michezo! Hakuwa na nguvu, mpira wake haukwenda mbali, vijana walikuwa wakimpita kwa mbali kila shimo. Lakini akawa bingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1900, akarudia 1901, akarudia tena 1903. Mwaka 1904, akiwa na miaka 42, akavuka bahari kwenda Sandwich, Uingereza, akachukua ubingwa wao wa ridhaa, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Fainali alimkuta Edward Blackwell, mmoja wa wapigaji wa mbali kabisa wa zama zile. Blackwell akipiga mpira unapotea machoni. Travis akipiga, unaonekana bila taabu. Wakifika karibu na shimo, Travis anatia na Blackwell anahangaika. Mchezo ulikwisha yamebaki mashimo matatu.

Basi ukimpeleka mtoto Hains Point, mwambie anatembea kwenye kazi ya mtu huyo. Itamsaidia zaidi kuliko video za intaneti.

Sasa nianze na mkwaju mdogo kuliko yote, ule wa nje kidogo ya grini, hatua tano mpaka kumi na tano kutoka shimoni. Hapa mwalimu wangu wa kwanza hakuwa Mmarekani. Alikuwa ami yangu, Mungu amrehemu, aliyefanya kazi Maskati miaka ya 1970 na 1980. Vijana wakiona Al Mouj ilivyo kijani kando ya bahari, uwanja uliochorwa na Greg Norman na kufunguliwa 2012, wanadhani gofu ya Oman ilizaliwa hivyo. Hata! Ghala kwa miaka mingi ilikuwa mchanga mtupu na vijiwe. Mchezaji anatembea na kipande cha zulia la plastiki; mpira ukisimama anatandika zulia, anauweka juu, anapiga. Na penye shimo hapakuwa na grini. Palikuwa na brauni, mchanga uliochanganywa na mafuta ukashindiliwa. Hata bara Afrika Mashariki brauni zilikuwepo sehemu nyingi. Pale mpira wa juu ulikuwa haukusaidii kitu, ukidunda haujulikani unaelekea wapi. Kwa hiyo wazee wale walijifunza kuukimbiza chini kwa chini, kwa ayoni namba 7 au 8, na wakawa mabingwa wa jambo ambalo leo kijana mwenye weji tatu za bei hajui hata kama lipo.

Ami akieleza hivi. Shika fimbo chini kidogo ya kawaida. Simama karibu na mpira, miguu imekaribiana kama uko kwenye foleni ya mkate. Uzito uwe zaidi mguu wa mbele, ambao kwa mtu wa kulia ni wa kushoto, na ubaki hapo hapo, usihamehame. Mikono itangulie mpira kidogo. Kisha sukuma kwa mabega, kama unatumia pata, ile fimbo ya kusukumia shimoni. Kifundo cha mkono kisivunjike. Mpira unaruka kidogo tu, unatua kwenye grini, halafu unakimbia wenyewe. Kwa kukadiria, namba 7 ikirusha sehemu moja, inabiringisha tatu au nne. Weji ya kawaida ikirusha moja, inabiringisha moja na nusu mpaka mbili. Weji ya mchanga ni karibu nusu kwa nusu. Grini ya mteremko au iliyolowa itabadilisha hesabu, lakini mtoto akiwa na hesabu hiyo kichwani hapigi tena kwa kubahatisha.

Jambo la pili la ami lilikuwa bora zaidi. Kabla ya kupiga, urushe mpira kwa mkono. Nani katika watoto wetu hajawahi kurusha kokoto baharini? Mkono unajua umbali kabla ya akili. Mrushie mara tatu, tazama unatua wapi na unasimama wapi, weka sarafu pale ulipotua, kisha chukua fimbo uilenge sarafu ile, usilenge shimo. Mtoto wa miaka 8 analielewa hili kwa dakika tano. Mtu mzima itamchukua wiki, kwa sababu mtu mzima anataka kwanza aelezwe kwa nini.

Kosa linalowaua wengi ni kutaka kuuchota mpira. Mtu anaona mpira uko chini, anataka uende juu, basi anaegemea nyuma na kuubeba kwa mikono kama anachota maji kwa kata. Fimbo inagonga ardhi kwanza, au inaupata mpira tumboni. Uso wa weji umeshalala nyuma kiwandani. Kazi ya kuuinua mpira imeshafanywa na fundi. Wewe piga kwenda chini na mbele.

Kuhusu weji zenyewe, madukani mtauziwa nne. Ya kawaida ina mlalo wa nyuzi 46 hivi, ya kati 50 au 52, ya mchanga 56, na moja ya nyuzi 60 ambayo inatupa mpira juu kama mtu anayetupa sahani. Rai yangu: mtoto anayeanza anahitaji mbili, ya kawaida na ya mchanga. Hiyo ya 60 iacheni dukani. Nimeona imeharibu siku za watu wazima wengi, na inapendwa kwa sababu ya televisheni tu.

Mita 30 mpaka 80 ndiyo sehemu ngumu, mkwaju wa nusu nusu. Hapa watu wanapiga kwa nguvu wakaogopa katikati, fimbo ikapunguza mwendo inapofika kwenye mpira, na mpira ukafa. Mwalimu wa Kimarekani Dave Pelz alizoeza watu kuufikiria mkono kama mshale wa saa: mkono ukirudi nyuma mpaka usawa wa kiuno ni umbali mmoja, usawa wa kifua ni mwengine, juu ya bega ni mwengine, na mwendo wa kupiga ni ule ule. Ukitaka mbali usiongeze nguvu, ongeza urefu. Kwa weji mbili na urefu wa aina tatu, mtoto ana umbali wa aina sita mfukoni. Aandike kwenye kijidaftari. Wetu wanapenda kuandika kwenye simu, haya, waandike kwenye simu, lakini waandike.

Banka je? Hapa mwarabu anaogopa mchanga, jamani, si aibu hii? Weji ya mchanga ya kisasa inatokana na Gene Sarazen, Mmarekani aliyeongeza risasi ya kuchomea kwenye kisigino cha chini cha fimbo yake mwanzoni mwa miaka ya 1930, kisha 1932 akashinda nayo Open ya Uingereza. Aligundua nini? Kile kila bedui anachokijua. Punda ana kwato kali, akikanyaga mchanga anazama. Ngamia ana unyayo mpana, anapita juu. Fimbo ya zamani ilikuwa punda, Sarazen akaifanya ngamia. Chini ya weji ya mchanga kuna tumbo lililonenepa, na tumbo hilo ndilo linalotakiwa kugusa mchanga, si ukingo. Kwa hiyo: fungua uso wa fimbo utazame mbingu kidogo kabla ya kushika, mpira uwe upande wa mguu wa mbele, kanyaga miguu izame kidogo, na upige mchanga kama sentimita tano nyuma ya mpira. Mpira wenyewe hata usiuguse. Unatoka umebebwa na mchanga. Na usisimame katikati! Asilimia kubwa ya wanaobaki bankani ni wale waliosimamisha mikono.

Ayoni, yaani zile fimbo za katikati namba 6 mpaka 9 za kuupeleka mpira grini kutoka mbali, zina kanuni moja ambayo ndiyo ile ile ya mkwaju mdogo: mpira kwanza, ardhi baadaye. Alama ya nyasi iliyokatika iwe mbele ya pale mpira ulipokuwa. Kama iko nyuma, umepiga ardhi. Zoezi lake ni taulo. Likunje, liweke upana wa kiganja nyuma ya mpira, piga bila kuligusa taulo. Mtoto aliyekwisha zoea kuweka uzito mguu wa mbele kwa mikwaju ya hatua kumi hatapata tabu na taulo. Aliyeanza na draiva, ambayo hupigwa mpira ukiwa juu ya kijiti na fimbo ikipanda, ataligonga taulo mwezi mzima. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema tuanzie karibu. Mkwaju mdogo ni ayoni ndogo. Draiva ni mnyama mwengine.

Tena ayoni, chukueni namba moja kubwa zaidi ya mnavyofikiri. Kama mnadhani ni 8, piga 7 taratibu. Wanaume hasa hawataki kusikia hili. Watu wa kawaida mipira yao hufia mbele ya grini, ni mara chache sana kupita.

Sasa nije kwenye lile nililolisubirisha. Kiangazi kimoja kaka yangu alikuja na watoto wake wawili, wa kiume wa miaka 15 na wa kike wa miaka 12. Kijana alikuwa amesomeshwa gofu miaka miwili huko huko Ghuba, pesa imemwagwa, na kila somo lilikuwa kasi na nguvu. Alikuja na begi la fimbo 14, idadi ya juu kabisa inayoruhusiwa na sheria. Njiani akanambia polepole, baba yake asisikie: "Shangazi, mimi naacha. Sina kipaji." Binti alikuja kushika chupa za maji. Hakuna aliyemuuliza.

Niliwapeleka Hains Point, kwenye kozi Nyekundu, mashimo tisa mafupi yaliyowekwa kwa ajili ya wanaoanza. Draiva tuliiacha nyumbani, na kaka hakufurahi. Binti nikampa ayoni 7, nikamwonesha ile ya ami, kurusha mpira kwa mkono kwanza. Akafuata alivyoambiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia lengine kabla. Kwenye shimo la nne kaka yake yuko bankani kwa mara ya tatu, na yeye mpira wake umesimama mkono mmoja kutoka shimoni. Nilimtazama yule kijana, nikidhani atakasirika. Alimwendea mdogo wake akamuuliza, "Umefanyaje?" Wiki ile walikuwa wanagombania sarafu za kuweka kwenye zulia la sebule yangu. Kijana hakuwa bingwa, msinielewe vibaya. Lakini hakuacha, na baba yao sasa anakwenda kiwanjani na watoto wawili.

Mkwaju wa mita 230 unahitaji mwili. Wa mita 20 hauhitaji. Msichana wa miaka 12, babu mwenye goti bovu, mama aliyezaa mwaka jana, na kijana mwenye mabega ya mpiga kasia, wote wako sawa wakiwa hatua kumi kutoka shimoni. Ni michezo mingapi ambayo familia nzima inaweza kushindana kwa haki, tena kwa mavazi ya heshima bila mtu kushughulika na mwenzake? Tukiufanya mchezo huu kuwa wa nguvu, tunawatoa wasichana na wazee kwa mikono yetu, kisha tunalalamika kwamba watoto kila mmoja yuko na simu yake chumbani.

Wanawake weusi wa mji huu walilielewa zamani. Mwaka 1937 mwalimu wa skuli, Helen Webb Harris, aliwaita wenzake nyumbani kwake wakaanzisha klabu yao ya gofu, Wake Robin. Waume zao walikuwa na klabu ya wanaume, Royal Golf Club, na wao walichoka kubaki nyumbani. Wakati ule mweusi hakuruhusiwa kucheza East Potomac wala Rock Creek kama mzungu. Klabu hizo mbili zilimwandikia Harold Ickes, Waziri wa Mambo ya Ndani, na kumbana. Mwaka 1939 Langston ikafunguliwa, mashimo tisa, ikapewa jina la John Mercer Langston, mweusi wa kwanza kuchaguliwa Bungeni kutoka Virginia. Wao wakaona haitoshi. Mwaka 1941 wanaume watatu weusi walikwenda kucheza East Potomac wakilindwa na polisi huku wakitukanwa, na Ickes akaamuru viwanja vya umma vya mji viwe vya wote. Langston ikaja kupata mashimo 18 mwaka 1955, na baadaye Lee Elder, mweusi wa kwanza kucheza Masters, 1975, ndiye aliyekuwa akiiendesha. Kwa hiyo mnapolipa ada yenu na kuingia na mabinti zenu bila kuulizwa, kuna watu walioilipia kabla yenu.

Najua nitajibiwa. Yupo msomaji atakayeniletea takwimu za Mark Broadie, profesa wa Columbia University ya New York, ambayo haihusiani na mtaa wangu. Yeye alichambua mikwaju ya wachezaji bora wa PGA Tour, na kwenye kitabu chake cha 2014 akaonesha kwamba tofauti kati ya walio juu na wa kawaida hutokana na mikwaju ya kuingilia grini kwa asilimia 40, draiva 28, mikwaju midogo 17 na kusukuma shimoni 15. Kwa hiyo, watasema, mikwaju midogo si kitu. Takwimu ni za kweli na sizipingi. Lakini zisomeni vizuri. Kubwa kuliko zote ni 40, na hiyo ni ayoni na weji, siyo draiva. Halafu zinapima watu ambao wote wameshajua kupiga mpira hatua kumi kutoka shimoni. Ndiyo maana hapo hawatofautiani sana. Na hata wao hukosa grini karibu mara moja katika tatu. Mtoto wetu hukosa zote. Yeye hatafuti kushinda Dubai, anatafuta sababu ya kurudi kiwanjani wiki ijayo.

Wengine watasema mikwaju midogo inachosha watoto. Inachosha ikifanywa kama adhabu. Wekeni sinia kubwa sebuleni, mipira ya sponji, zulia la kupigia, anayetia kumi kwanza anachagua chakula cha usiku. Mimi nakaa ghorofani na jirani wa chini hajawahi kugonga mlango. Mabustani ya umma msiende na mipira halisi, ile inavunja vioo na vichwa, na Malcolm X Park hapa jirani kuna watoto wadogo.

Kwa mwalimu mnayemlipa, iwe Maskati au hapa, ulizeni maswali mawili kabla ya kutoa pesa. Katika saa moja, dakika ngapi zitakuwa ndani ya mita 50? Na binti akija pia, atafundishwa au atakaa kivulini? Akianza kuwaeleza kasi ya kichwa cha fimbo, mshukuruni, mwende kwa mwengine.

Na mkija kiangazi hiki, kwa kozi Nyekundu kila mtu abebe fimbo tatu tu: ayoni 7, weji ya mchanga na pata. Nendeni asubuhi mapema, maana Julai hapa joto lina unyevu kama Maskati na baada ya saa nne mtajuta. Maji ya kutosha, kofia, na sarafu mfukoni kwa ajili ya kuwekea alama. Kwenye kwato za ngamia mniamini mimi.